Kwa nini dawa za TB ni miezi 6: bakteria wanaoishi ndani ya seli nyeupe za damu

Mgonjwa wa kifua kikuu akianza dawa, nafuu haichelewi. Katika wiki chache homa za jioni hukoma, jasho la usiku hukauka, hamu ya chakula hurudi, na nguo zilizokuwa zinampwaya huanza kumkaa. Mwezi wa pili ukiisha, mtu aliyeletwa kliniki akiwa ameshikwa mkono huja kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo huuliza, na ana haki ya kuuliza: kama nimeshapata nafuu, vidonge vya miezi 4 mingine ni vya nini? Jipu hupona kwa siku chache, nimonia kwa wiki moja hivi. TB ina nini?

Jibu liko mahali bakteria huyo anapoishi. Anaishi ndani ya seli nyeupe za damu, zilezile ambazo kazi yake ni kumla na kumuua. Wapo bakteria wengine wanaozikwepa seli hizo kwa njia tofauti kabisa, na nitaanza na hao, kwa sababu ukishaona wao wanavyofanya ndipo utaelewa huyu wa TB amekwenda mbali kiasi gani.

Seli nyeupe inavyokula

Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya kuna seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000. Zilizo nyingi zaidi huitwa nyutrofili. Uboho wa mifupa hutengeneza kama bilioni 100 za aina hii kila siku, nazo hazidumu. Huzunguka kwenye damu kwa muda mfupi, huingia penye maambukizi, hufanya kazi yake na kufa. Nyingine ni makrofeji. Hizi huhamia kwenye mapafu, ini, wengu, ngozi na karibu kila kiungo, zikakaa humo kwa wiki au miezi zikila chochote kisichohusika, kuanzia vumbi hadi seli zilizokufa na bakteria.

Aliyetambua kwamba huku kula ndiko kujilinda kwa mwili ni Ilya Mechnikov, mwanasayansi kutoka Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba midogo kwenye kiluwiluwi wa kiti cha pweza, ambaye mwili wake ni angavu kiasi cha kuonekana ndani. Asubuhi iliyofuata alikuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Tendo lenyewe linaonekana vizuri chini ya darubini ukiwa na seli hai. Seli nyeupe hufuata kemikali zinazotoka kwa bakteria na kwenye jeraha, huku ikijivuta polepole. Ikimgusa bakteria, utando wake hutoa mikunjo inayomzunguka pande zote mpaka kingo zikutane, na bakteria anajikuta amefungiwa katika kifuko ndani ya seli. Kisha vifuko vingine vilivyojaa vimeng'enya, vinavyoitwa lisosomu, huja na kuungana na kile kilichomfunga. Pampu kwenye utando husukuma asidi ndani mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi kinachoshuka asidi inapozidi, inafikia 5 au chini yake. Juu ya hapo hupigwa na sumu za oksijeni: hidrojeni peroksaidi na, kwenye nyutrofili, asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo inayofanya kazi pia katika klorini ya kutibu maji ya kunywa. Bakteria wa kawaida hamalizi saa nyingi mle ndani.

Kwa hiyo bakteria yeyote anayetuletea ugonjwa kweli lazima awe amepata mahali pa kupenya katika mlolongo huo. Ama asishikike, ama awahi kuua kabla hajaliwa, ama akubali kumezwa kisha asife.

Wasioshikika

Streptococcus pneumoniae ndiye bakteria mkubwa wa nimonia kwa watoto, na huleta pia homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya sikio. Watoto wengi wazima kabisa humbeba puani bila kuumwa. Silaha yake ni tabaka nene la sukari linalomfunika mwili mzima. Tabaka hilo lina utelezi kama mlenda: seli nyeupe inamgusa, inajaribu kumzunguka, anateleza. Pia hufunika alama za ukutani ambazo seli nyeupe ingezitumia kumtambua.

Kwamba tabaka hili ndilo linaloua, tumelijua muda mrefu. Mwaka 1928 Frederick Griffith, daktari wa London, alieleza majaribio yake kwa panya. Bakteria wenye tabaka waliua panya. Ndugu zao waliopoteza tabaka walidungwa kwa panya wengine na hawakudhuru, kwa kuwa seli nyeupe ziliwala.

Mwili una dawa yake: kingamwili. Hizi ni protini zinazonata juu ya tabaka lile la sukari, na kila moja ina mkia unaobaki nje. Seli nyeupe ina vipokezi vya kushika mkia huo, hivyo utelezi hauna kazi tena. Tatizo ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 hawezi kutengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya sukari tupu. Ndiyo maana chanjo ya nimonia kwa watoto wachanga ina sukari hiyo iliyofungamanishwa na protini, ili mwili mchanga uitambue na kuikumbuka. Aina za tabaka zinazojulikana zinapita 100, na chanjo hulenga zile zinazoleta ugonjwa mkali zaidi. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011, ikiwa ya aina 10. Huko Kilifi, watafiti waliofuatilia jamii ileile kabla na baada ya chanjo waliona ugonjwa mkali wa aina hizo 10 kwa watoto wa chini ya miaka 5 umepungua kwa asilimia 92. Katika kazi yangu ni nadra kuona namba ya namna hiyo.

Hapa niseme neno kwa wazazi wa watoto wenye selimundu. Kiungo kinachochuja bakteria wenye tabaka kutoka kwenye damu ni wengu, kwa wengine huitwa bandama. Wengu umejaa makrofeji, na damu hupita humo taratibu ili waweze kukamatwa hata wale wanaoteleza. Kwa mtoto mwenye selimundu, seli nyekundu za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo ya wengu mara kwa mara, na mara nyingi kabla hajafikisha miaka 5 wengu unakuwa umeshaharibika. Ndiyo sababu anapewa penisilini kila siku hata akiwa mzima, na ndiyo sababu hapaswi kukosa chanjo hata moja. Homa kwake haisubiri kesho. Bakteria ambaye kwa mwenzake angekamatwa na wengu, kwake anaweza kujaa kwenye damu kwa saa chache. Panadol ya kushusha homa mpeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Wanaowahi kuua

Usaha kwenye jipu ni mabaki ya nyutrofili, mamilioni kwa mamilioni, zilizokufa zikipigana na Staphylococcus aureus. Bakteria huyu ana zana nyingi kuliko ninavyoweza kuzieleza hapa. Hutoa sumu zinazotoboa utando wa seli nyeupe mpaka zinapasuka. Ana protini ukutani inayokamata kingamwili kwa mkia, hivyo kingamwili inakaa kinyume na seli nyeupe inakosa pa kushika. Rangi yake ya dhahabu, ile inayompa jina, humkinga dhidi ya sumu za oksijeni. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin waligundua kwamba nyutrofili inayokufa inaweza kurusha nje nyuzi za DNA yake, ikatengeneza wavu wa kunasa bakteria. Huyu ana kimeng'enya cha kuzikata nyuzi hizo. Tena hugandisha majimaji yanayomzunguka akajizungushia ukuta. Ukuta huo ukishakamilika, dawa ya kumeza peke yake hupata shida kufika katikati, na jipu kubwa huhitaji kupasuliwa na kutolewa usaha na mhudumu wa afya. Kulikamua nyumbani, hasa la usoni, ni kuwasukuma bakteria upande wa ndani, kwenye tishu na mishipa ya damu.

Mwingine ni Yersinia pestis, bakteria wa tauni, ugonjwa ambao wazee wa Lushoto wanaukumbuka vizuri na ambao bado hujitokeza Ituri nchini Kongo na West Nile nchini Uganda. Akiwa ndani ya kiroboto, kwenye joto la nyuzi 26 hivi, haonekani wa hatari sana. Kiroboto akimuuma mtu, bakteria anakutana na nyuzi 37 na ndani ya saa chache anabadilika. Anajivika tabaka la protini, anabadili mafuta ya ukutani ili vihisi vya seli zetu visiyatambue, na anaota vijisindano ambavyo kwavyo hudunga protini zake moja kwa moja ndani ya seli nyeupe. Seli iliyodungwa hupooza: haiwezi tena kukunja utando wake wala kuita wenzake. Bakteria huzaliana bila bughudha kwenye tezi za limfu, na hapo hutokea mitoki inayovimba na kuuma. Tauni hutibika kwa antibiotiki zinazojulikana, ila siku za kungoja ni chache mno.

Anayekubali kumezwa

Sasa kifua kikuu. Robert Koch alimtangaza bakteria wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, mwaka uleule wa miiba ya Mechnikov. Mgonjwa mwenye TB ya mapafu akikohoa, hutoa chembe ndogo sana za majimaji zinazoelea hewani. Kubwa hunaswa puani na kooni. Zile ndogo, zenye bakteria mmoja wawili tu, huteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mwisho vya mapafu, na huko wanaowapokea ni makrofeji.

Mycobacterium tuberculosis hafanyi lolote kukwepa kumezwa. Ukuta wake una sukari za aina ambayo makrofeji huipokea kupitia mlango usioamsha hasira nyingi, na anaingia. Anafungiwa kwenye kifuko kama bakteria mwingine yeyote. Baada ya hapo mambo yanasimama. Lisosomu haziji.

Walioliona hili waziwazi ni Armstrong na D'Arcy Hart, watafiti wa London, mwaka 1971, kwa darubini ya elektroni. Walizipa makrofeji bakteria wa TB na kuangalia ni vifuko vipi vinaungana na lisosomu. Vyenye bakteria waliokufa viliungana kama kawaida. Vyenye bakteria hai vilibaki vimejitenga. Ina maana ni bakteria mwenyewe anayezuia, na inambidi awe hai ili azuie.

Miaka iliyofuata imetuonyesha baadhi ya mbinu zake. Utando wa kifuko huwa na alama ya mafuta inayoziita lisosomu. Bakteria hutoa kimeng'enya kinachoifuta. Pampu za asidi haziwekwi kwenye kifuko chake, hivyo pH hubaki zaidi kidogo ya 6, ambayo kwake ni makazi mazuri. Ana kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi. Ukuta wake umejengwa kwa mafuta mazito ya jamii ya nta ambayo vimeng'enya vya kawaida haviyameng'enyi. Na chakula hakosi: anakula mafuta na kolesteroli ya seli inayomhifadhi.

Akishaongezeka vya kutosha, ana zana ya kutoboa kifuko na kuingia kwenye sehemu nyingine ya seli, mpaka seli inakufa na kupasuka. Makrofeji nyingine huja kusafisha mabaki, kama ilivyo kazi yake, na kwa kusafisha zinawameza bakteria waliokuwemo. Watafiti wamelitazama jambo hili kwa macho katika viluwiluwi vya samaki wadogo wenye miili angavu, kwa kutumia binamu wa bakteria wa TB anayeleta ugonjwa kwa samaki. Kila seli mpya iliyofika kusaidia ilikuwa nyumba mpya.

Zana hiyo ya kutoboa ina uhusiano na kovu dogo mlilo nalo wengi wenu mkononi. Mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha bakteria wa TB ya ng'ombe kwenye vipande vya viazi vilivyolowekwa nyongo na gliserini. Walimhamisha kutoka kwenye chakula kimoja hadi kingine mara 230, kwa miaka 13. Alipochanjwa mtoto wa kwanza mwaka 1921, bakteria huyo hakuwa na nguvu ya kuleta ugonjwa tena, ingawa sababu haikujulikana. Miongo mingi baadaye wanasayansi walipolinganisha vinasaba waliona kwamba katika kuhamishwa kule alikuwa amepoteza kipande chenye maelekezo ya zana ya kutoboa. Huyo ndiye BCG. Anamezwa na makrofeji, anabaki kifukoni, na mwili unapata nafasi ya kumsoma. Chanjo hii huwakinga watoto wadogo dhidi ya TB kali ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Kwa TB ya mapafu ya watu wazima kinga yake ni dhaifu, na ndiyo maana mwenye kovu la BCG anaweza kuugua akiwa mkubwa.

Mwili unaposhindwa kummaliza, humzingira. Seli nyeupe za aina mbalimbali hujipanga kuzizunguka makrofeji zilizoambukizwa, tabaka juu ya tabaka, zikafanya kinundu kigumu kwenye pafu. Ndani yake oksijeni ni kidogo na chakula ni haba. Bakteria hupunguza shughuli zake karibu zote, akasubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kwa namna hii. Hawakohoi, hawaambukizi wengine, hawajui. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 wataugua wakati fulani maishani mwao. Waliougua duniani mwaka 2023 walikadiriwa kuwa milioni 10.8, na waliofariki milioni 1.25.

Tunavyomwona maabara

Ule ukuta wa nta unamlinda mwilini, lakini ndio unaomfichua kwetu. Makohozi yakipakwa kwenye kioo na kukaushwa, tunamwaga rangi nyekundu ya kaboli fuksini na kupitisha moto chini ya kioo mpaka mvuke uanze kupanda, bila kuchemka. Joto husukuma rangi ipenye ukuta. Kisha tunamwagia asidi yenye spiriti. Kila kitu kingine kwenye kioo kinatoka rangi: seli za mgonjwa, bakteria wa mdomoni, ute. Bakteria wa TB haiachi. Mwisho tunapaka rangi ya bluu. Ukiangalia kwa lenzi ya mafuta unaona uwanja wa bluu hafifu na ndani yake vifimbo vyekundu vyembamba, vimepinda kidogo, wakati mwingine viwili vitatu vimelala pamoja. Siku hizi vituo vingi vina mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria na kutoa jibu ndani ya saa 2 hivi, pamoja na taarifa kama rifampisini itamfanyia kazi. Hata hivyo mashine na darubini vyote hutegemea sampuli. Mate hayatusaidii; tunahitaji kohozi linalotoka kifuani, na la asubuhi mara nyingi ndilo bora.

Kipimo cha damu cha kuhesabu seli nyeupe hakiwezi kuchukua nafasi ya makohozi. Wagonjwa wengi wa TB wana idadi ya kawaida kabisa ya seli nyeupe. Kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi mkubwa na chupa na unga unaouzwa mitaani kwa ahadi ya kuongeza seli nyeupe na kuponya kifua. Bakteria huyu hashindwi kwa wingi wa seli anazoishi ndani yake, na wiki zinazopotea kwa kunywa vitu hivyo mgonjwa anaendelea kukohoa ndani ya nyumba yenye watoto.

Miezi 6 ilivyopatikana

Sasa turudi kwenye vidonge. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya dakika 20 hadi 30 wakiwa na chakula. Huyu wa TB huchukua saa 18 hadi 24. Antibiotiki nyingi huua bakteria anapojenga, kwa hiyo anayejenga polepole huuawa polepole, na aliyelala kabisa haguswi na dawa nyingi. Mgonjwa anayeanza matibabu anao wa makundi yote: wanaozaliana kwa kasi kwenye mashimo ya mapafu, waliomo ndani ya makrofeji na kwenye tishu zilizovimba zenye asidi, na waliolala wanaoamka kwa vipindi vifupi.

Ndiyo maana dawa ni nne kwa pamoja. Isonaizidi huwafyeka wanaozaliana, na ndiyo inayoleta nafuu ya haraka ya wiki za mwanzo. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri zaidi penye asidi, mahali ambapo dawa nyingine huchoka. Rifampisini humuwahi anayeamka kwa muda mfupi. Ndiyo inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo ambalo halina madhara. Ethambutoli huongezwa kuwalinda wenzake, iwapo kuna bakteria aliyekwisha kuwa sugu kwa mojawapo. Miezi 2 ya dawa nne huondoa kundi kubwa, na hapo mgonjwa anajisikia mzima. Miezi 4 ya rifampisini na isonaizidi ni kwa ajili ya waliosalia ndani ya seli na ndani ya vinundu vile vya mapafu, wanaoamka mmoja leo, mwingine wiki mbili zijazo.

Muda huo haukukisiwa mezani, na napenda watu wa ukanda wetu wajue ulipimwa wapi. Zamani matibabu yalikuwa ya miezi 18. Mwaka 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likishirikiana na madaktari wa Afrika Mashariki lilianza majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, likitumia matibabu ya miezi 6 yenye mchanganyiko tofauti. Matokeo yalitoka mwaka 1972. Waliowekewa rifampisini au pirazinamidi katika mchanganyiko wao, wachache tu walirudiwa na ugonjwa. Waliopewa miezi 6 bila mojawapo ya hizo mbili, zaidi ya mmoja kati ya watano walirudiwa. Makohozi yao yalikuwa yameonekana safi, lakini bakteria walikuwa bado wamo. Baadaye, kuanzia mwaka 1977, mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, uliweka utaratibu wa wagonjwa kumeza dawa chini ya uangalizi na kuhesabiwa mmoja mmoja mpaka wamalize. Utaratibu huo ulikuja kuwa mfano kwa dunia nzima.

Anayeacha njiani huwa amewaua walio wepesi kuuawa na kuwabakiza wengine. Wakiamka na kuzaliana, anaugua tena, na safari hii wanaweza kuwa sugu. TB sugu ina matibabu. Tanzania ilianza kuitibu Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, wakati matibabu yakichukua karibu miaka 2 na sindano zilizowaharibu wengine masikio. Leo upo mchanganyiko wa vidonge wa miezi 6 uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Hata hivyo dawa zake zinahitaji uangalizi wa karibu, na aliyeambukizwa TB sugu na jirani yake hakuchagua.

Wanaoamshwa

Makrofeji haiko mikono mitupu. Ikipata amri kutoka kwa seli nyeupe nyingine zinazoitwa CD4, huongeza asidi na sumu zake, na bakteria wengi waliokuwa wamestarehe hufa. Amri hiyo ni kemikali inayoitwa interferoni gama. VVU huua seli za CD4. Zikipungua, amri inakatika, vile vinundu vya mapafu vinalegea, na waliolala wanaamka. Ndiyo sababu TB inaongoza kwa kuua watu wanaoishi na VVU, na ndiyo sababu kliniki za ARV humuuliza kila mtu kuhusu kikohozi kila anapokuja, na humpa dawa kinga ya TB asiyekuwa na dalili.

Kisukari kisichodhibitiwa, pombe nyingi na njaa hulegeza seli nyeupe pia. Kuhusu njaa kuna ushahidi mpya ninaouthamini sana: katika jimbo la Jharkhand nchini India, familia za wagonjwa wa TB zilipopewa chakula cha nyongeza, maambukizi yaliyogeuka kuwa ugonjwa miongoni mwa wanafamilia yalipungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Maharage, karanga, dagaa na mayai katika nyumba yenye mgonjwa ni sehemu ya kinga ya wote waliomo.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito apeleke makohozi akapimwe. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Mgonjwa akishagundulika, watu wa nyumbani kwake nao waende, na wa kwanza kupelekwa wawe watoto wa chini ya miaka 5, hata wanaocheza na kula vizuri. Makrofeji zao bado hazina uzoefu wa kumzuia bakteria huyu, na kwao hatua kutoka kuambukizwa hadi kuugua sana, pengine TB ya ubongo, inaweza kuwa ya wiki chache tu. Mtoto asiyekohoa mara nyingi dalili yake ni kutoongezeka uzito, na hiyo huonekana kwenye kadi ya kliniki kabla haijaonekana kwa macho, kwa hiyo kadi ichukuliwe. Akikutwa hana ugonjwa, atapewa dawa kinga ya kumeza kwa miezi kadhaa, kumuua bakteria angali mchache na kabla hajazungukwa na kitu.